Upande wa Ukutani

Kitanda kilikuwa kimoja na sisi wawili: mimi na mjukuu wangu wa kike mwenye miaka saba, ambaye nyumbani tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haujui kupumzika. Yeye alilala upande wa ukutani asije akaanguka. Mimi nililala upande wa nje, karibu na mlango, maana mtu wa umri wangu huamka amka. Shikeni hapo hapo, ukutani na nje, kwa sababu aibu yangu yote imelala kati ya pande hizo mbili.

Tulikuwa tumekuja kuona bandari. Mkwe wangu ni fundi wa majokofu, na kila shule zilipofungwa alikuwa akiwaahidi watoto kwamba atawapeleka kwenye mji wa meli. Mwaka huu akatimiza, na akanichukua na mimi, jambo ambalo si kila mkwe hulifanya. Tukafikia nyumba ya wageni, orofa ya tatu, vyumba viwili vinavyotazamana. Kimoja walilala yeye, binti yangu na mtoto wao mkubwa wa kiume. Kingine mimi na Chiriku. Dirishani mwetu zilionekana kreni na shingo zao ndefu, na Chiriku alipoziona tu akataka kitendawili. Nikamtegea: twiga wangu hali majani, anakula masanduku. Akakitegua kabla sijafunga mdomo. Huo ndio mchezo wetu. Shule niliishia darasa la saba, lakini kwenye vitendawili hanibabaishi mtu.

Asubuhi ya pili, jua halijatoka, niliamka nimelowa. Nisizunguke: nilikojoa kitandani. Choo kilikuwa mwisho wa korido, jana yake nilikuwa nimekunywa maji mengi kwa ajili ya joto, na usingizi ulinibeba kama mtoto mchanga.

Nikakaa kitako, nikawaza. Nilimfikiria mhudumu wa vyumba. Nilimfikiria binti yangu. Zaidi ya wote nilimfikiria mkwe, ambaye kwa miaka kumi na miwili hajawahi kuniona hata kichwa wazi. Kisha nikafanya nilichofanya. Nikamwinua Chiriku, mzito kwa usingizi, mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya magoti, vile vile nilivyokuwa nikimbeba alipokuwa mtoto wa juzi juzi, nikamlaza pale palipoloa. Akaguna, akageuka, akaendelea kulala. Nikafua gauni langu kwenye sinki la chumbani, nikalianika dirishani, nikavaa jingine, nikajilaza ukutani, pakavu.

Binti yangu alipokuja kutuamsha, kwanza aliliona gauni dirishani akanisifu kwamba mama huyu hata safarini huanza siku kwa kufua. Halafu akaliona shuka. Chiriku alilitazama gauni lake la kulalia, akanitazama mimi, akalitazama tena. Mama yake akamuuliza kwa sauti ya chini imekuwaje, na miaka saba hii, na mambo haya aliyaacha zamani. Mhudumu wa vyumba, mama mpole mwenye ndala za bluu, akaja akalibeba godoro, akalianika kwenye kibaraza kinachotazama barabara, doa limegeuzwa nje lipate jua. Mjukuu wangu wa kiume, ambaye kwa utani mimi humwita mume wangu, akasimama mbele ya godoro, mikono kiunoni.

"Tumesafiri kote huku kufuata bandari," akasema, "kumbe tunayo kitandani. Meli ngapi zimetia nanga, Chiriku?"

Hata mhudumu akatabasamu. Na mimi nikacheka. Nilicheka, jamani, wala hakuna aliyenilazimisha.

Tukazunguka mji. Tulipita mtaa wa maduka ya kamba, kamba nene kama paja la mtu, tukapita maghala yenye milango ya mabati, tukasimama kwenye uzio wa bandari. Mkwe akawaonyesha watoto makontena ya baridi, yale yenye mashine upande mmoja, akawaeleza jinsi samaki anavyoweza kuzunguka dunia akiwa ameganda. Alieleza kwa raha, maana hiyo ndiyo kazi yake. Siku nyingine Chiriku angemuuliza maswali ishirini. Siku ile hakuuliza hata moja. Chupa yake ya maji aliishika tu, imejaa hadi shingoni, na jua lile. Midomo ilikuwa imeanza kumchanika. Nikamwinamia, nikamwambia anywe kidogo.

"Nikinywa nitakojoa tena," akaninong'oneza.

Nilinyanyuka taratibu nikajifanya kiuno kinaniuma.

Alasiri tukaenda gatini kupanda boti ya kuwatembeza watu kati ya meli. Hiyo boti ndiyo Chiriku aliyoichora mwaka mzima kwenye madaftari yake, hata lile la hesabu. Mkata tiketi akatutahadharisha kwamba safari huchukua muda wa saa mbili na ndani hamna choo. Binti yangu akanitazama, akamtazama mtoto, akaamua: Chiriku abaki kwenye benchi na mimi, wasije wakaaibika mbele za watu. Nilimsubiri mtoto alie. Hakulia. Alisema tu, "Sawa, Mama," akaenda kukaa, miguu haifiki chini, akaiweka chupa kando yake.

Ningeweza kunyamaza. Niwe mkweli, nilitaka kunyamaza. Lakini foleni ilikuwa inasogea, na ile "sawa" ilikuwa bado masikioni mwangu.

"Kitendawili," nikasema.

"Tega," mume wangu akadakia.

"Mkubwa kamwaga, mdogo kakabidhiwa tambara."

Akajaribu wingu na ardhi. Hapana. Mkwe, kwa kutaka kuchangamsha, akasema birika na kikombe. Hapana. Binti yangu hakujaribu, alinikazia macho tu. Nikawaambia wanipe mji, kama ilivyo ada ya mchezo mtu akishindwa, na mume wangu akanipa huu huu tuliomo. Basi nikaupokea. Nikasema nimeuchukua mji, nimezipanda kreni zake, nimelala kwenye maghala yake, nimekula samaki wa makontena yake nikashiba. Nilikuwa nauzunguka mji ule kama mtu anayetafuta mlango wa kutokea. Chiriku akanikatiza kutoka kwenye benchi.

"Bibi, sema tu."

Mkwe alikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Aliyekojoa kitandani ni mimi," nikasema. "Si yeye. Ni mimi."

Hakuna aliyecheka. Mkwe aligeukia majini ghafla, kana kwamba kuna mtu kamwita huko. Binti yangu alisema, "Mama," basi. Masikio yalikuwa yananiwaka, lakini nikadhani nimemaliza, kwamba limeshatoka na mzigo nimeutua.

Chiriku alikuwa anafikiri. Huwa anakunja uso hivyo hivyo akitafuta jibu la kitendawili.

"Lakini mimi nililala ukutani," akasema. "Nikaamka nje. Nilifikaje?"

Hicho hakikuwa na mji wa kuniokoa.

"Nilikubeba," nikamwambia. "Nikakulaza pale ili waseme ni wewe."

Chiriku akafungua chupa, akanywa bila kupumzika mpaka plastiki ikabonyea, akajifuta mdomo kwa mkono, akateremka kwenye benchi na kwenda kushika mkono wa baba yake. Mkwe akamwambia mkata tiketi kwamba tuko watano. Kwangu, macho yakiwa bado majini, akasema, "Tangulia, Mama, ngazi inateleza." Afadhali angenigombeza.

Ndani ya boti Chiriku alikaa mbele na baba yake, na maswali yakarudi yote, ile meli inakwenda wapi, nahodha analala saa ngapi. Tulipopita chini ya kreni aligeuza uso upande wangu. Nikajiweka tayari. Lakini alikuwa anamtafuta kaka yake.

"Twiga," akamwambia, akimwonyesha kwa kidole.

Tuliporudi, kiza hakijaingia, godoro lilikuwa limeshawekwa kitandani, linanukia sabuni. Binti yangu akatandika plastiki chini ya shuka bila kuniangalia. Nikamwambia nitalala chini. Kabla hajajibu, Chiriku alishapanda kitandani na kujisogeza mpaka mwisho.

"Wewe lala nje, Bibi, choo kiko mbali," akasema. "Mimi ukutani."

Nikamshukuru. Hakuomba kitendawili. Alijifunika shuka hadi kichwani, akanipa mgongo, nami nikadhani amelala. Kumbe bado.

"Na usinihamishe," akasema kutoka mle ndani ya shuka.

"Sitakuhamisha," nikamjibu, nikakaa ukingoni mwa kitanda, upande wangu.