Sahani Niliyoifunika Siku Tisa

Siku tisa mfululizo nilifunika sahani ya baba mkwe, na siku tisa nikaifunua ikiwa vilevile. Ikikaribia saa sita anavaa kofia yake, huyoo, mgahawani kwenye kona. Anarudi ameshiba na kusema asante mwanangu, nitakula usiku. Mimi nashona mashati ya shule barazani, kwa hiyo namwona kila anayepita, na kila anayepita ananiona. Jirani mmoja alishaniuliza, huku anachekacheka, kama siku hizi jikoni kwangu moto hauwaki. Nilicheka naye. Rohoni nilikuwa na donge la kumtosha yeye na ukoo wake wote.

Mume wangu ndiye aliyelikuza jambo. Alisema mzee anaimaliza pensheni mgahawani na nyumbani chakula kipo, hivyo kuanzia mwezi ujao ataipokea yeye, mzee abaki na ya kunyolea nywele. Ila kwanza niende nikakionje hicho chakula.

"Mpishi ni wewe," alisema. "Ukisema hakistahili hela, mchezo umekwisha."

Neno langu ndilo lingeamua. Sitadanganya, nilifurahi.

Kesho yake niliacha shati lenye mkono mmoja kwenye cherehani, nikamfuata mzee. Nilipita mbele ya mlango mara tatu kama mwenye deni. Mgahawani sijazoea kukaa peke yangu, na nyumbani wakati wa kula miguu yangu haijui kukaa kabisa. Niliingia, nikajibanza nyuma ya nguzo, mgongo wa mzee ukiwa mbele yangu. Meza ilinata. Nikaifuta kwa leso, nikainuka kusogeza kiti, nikakaa, nikainuka tena. Jiko nilizima? Nilizima. Nikakaa.

Mhudumu, dada mnene mwenye penseli sikioni, alikuwa amesimama kwa mzee akimuuliza leo atakula nini. Basi ikawa kazi. Mzee aliuliza samaki amekaangwa au amechemshwa, akaulizia maharage, akachagua kuku, dada akaandika, mzee akarudi kwa samaki, dada akafuta. Yote hayo kwa mtu ambaye kwangu hula anachowekewa bila kuinua macho. Damu ilinichemka. Dada alipofika kwangu nikamwambia aniletee kama cha yule mzee.

Wali ulikuwa umebebana. Mchuzi ulikuwa maji yaliyopitiwa na nyanya. Samaki alikaushwa hata paka wangu angemnusa akaniangalia mimi. Raha niliyoipata hapo sijaipata siku nyingi. Nilinawa, nikaenda kuketi mbele ya baba mkwe bila kukaribishwa. Hakushtuka, alisogeza tu kofia yake.

"Baba, chakula hiki kibaya," nikamwambia.

"Kibaya sana," alisema. "Cha jana ndiyo usiseme."

"Sasa unafuata nini huku?"

Alitafuna, akameza, akafuta mdomo.

"Marehemu mama yenu kila asubuhi alikuwa ananiuliza, leo tule nini. Miaka arobaini. Tangu afe, mimi ni wa kupakuliwa tu. Chako kitamu, mwanangu, Mungu anajua. Lakini napakuliwa."

Ningetakiwa kumwonea huruma, na nilimwonea, lakini baadaye. Kwanza ilinipanda hasira, na maneno yakanitoka kabla sijayapima.

"Na mimi je, baba? Mimi nani ananiuliza?"

Mzee aliniangalia kama mtu aliyevaa miwani kwa mara ya kwanza. Kisha akainua mkono, akamwita yule dada.

"Muulize na huyu," alisema.

Dada akatoa penseli sikioni. Akaniuliza aniletee nini.

"Chochote," nikasema.

"Chochote hatuna, mama," akajibu, akaanza kunisomea yaliyoandikwa ubaoni.

Nilisikiliza. Najua mume wangu hapendi vitunguu vikubwa. Najua nani kati ya watoto wangu pacha anaficha karoti chini ya wali. Baba mkwe nilidhani namjua pia. Nilijitafuta mimi mwenyewe kwenye ubao ule, sikujiona, na macho yakaanza kuniwasha. Mikono ikaishika leso, ikatafuta kitu cha kufuta. Mzee akaichukua ile leso, akaiweka upande wake wa meza.

Simu ikalia. Ni mume wangu.

"Vipi, umeonja?"

"Nimeonja. Kibaya."

"Si nilisema? Basi mwezi ujao..."

"Pensheni ya baba usiiguse."

Akauliza kuna nini tena, si nimesema mwenyewe kibaya.

"Nitakueleza nikirudi," nikamwambia. "Bado sijaagiza."

Nikakata simu, nikamwomba yule dada anisomee tena, polepole.