Mungu Aliyeomba Tochi

Mama Tshiela alianza kumsikia Mungu Jumanne moja saa sita mchana, akiwa amepiga magoti sebuleni kwake, Kolwezi, mji wa migodi huko Kongo. Sauti ilitoka chini, nzito, ikasema, "Vuta!" Kwamba Mungu anakaa juu, hilo alilijua tangu utoto, lakini nani amwambie Mwenyezi pa kusimama? Akaelewa kwamba anatumwa avute watu. Wiki haijaisha, alikuwa amemvuta Mama Bilonda kutoka kwa Wakatoliki hadi kanisa lake la kilokole, rozari ingali mkononi.

Sauti ikazidi. Iliposema "Ongeza!" alitangaza kwamba Mungu ameongeza siku tatu kwenye mfungo wa kanisa zima, hadi waimbaji wakawa wanaimba wameketi. Iliposema "Pole pole!" aliacha kumfokea mumewe, Muamba, ambaye hakuwa amekanyaga kanisani tangu siku ya ndoa, na sasa akaanza kuuliza ibada ni saa ngapi. Pasta Mbayo akampa Tshiela kiti cha mbele, chenye mto, kando ya mke wake, naye akakizoea upesi. Jambo moja tu lilimtatiza: yeye ni wa Kasai, anaomba kwa Tshiluba, lugha ya kwao, na Mungu anamjibu kwa Kiswahili cha wabeba magunia.

Ijumaa ya wiki ya tatu sauti ikasema, "Muteba, leta torche, huku giza!"

Tshiela akafungua macho. Aliyeumba nuru kwa neno moja haombi tochi, tena kwa jirani.

Akavuka uzio. Chumbani kwa Muteba kitanda kilikuwa kimesukumwa ukutani, na mahali pake pana shimo, kamba ndefu yenye gunia la mawe inaning'inia ndani, na Muteba mwenyewe amejaa vumbi hadi kwenye kope. Tshiela akaelewa kilichokuwa kinavutwa.

"Mama, usipige makelele," Muteba akasema. "Mawe ya madini ya muzuri yote iko chini ya salon yako, pale unaombeaka. Weye batu banakuheshimu sababu ya sauti yetu, na shiye batu saba tunapata kidogo. Nani analia?"

"Na nyumba yangu ikianguka?"

"Haiangukake! Batu basirukeruke tu mule ndani."

"Na Jumapili munachimba?"

"Jumapili njo siku yetu, Mama. Ngoma ya kanisa inaficha nyundo."

Alirudi nyumbani, akanyamaza. Aliiogopea nyumba, ndiyo, lakini zaidi alikiogopea kiti. Akisema ukweli atarudishwa nyuma kule mlangoni alikokaa zamani, na Mama Bilonda atarudi kwa Wakatoliki akicheka njia nzima. Jioni hiyo aliisukuma kando bukari, ugali wa huko, bila kuionja. Muamba alimuuliza kama anaumwa, akasema amefunga.

Jumapili, baada ya ibada, Pasta Mbayo akatangaza kwamba kanisa zima liende kumshukuru Mungu mahali anaposemea. Watu sitini wakajaa sebuleni na ngoma mbili, wakaruka. Vikombe vikalia kabatini. Tshiela akaona ufa ukianzia mlangoni, ukapita katikati ya viatu vya Pasta, ukaingia chini ya kabati. Na huko chini walikuwa wanaume saba.

Akajaribu njia ya mkato. Akanyanyua mikono. "Mungu anasema mutoke!"

"Amina! Kutoka!" Pasta akapokea. "Kama Israeli! Tunatoka ku umasikini!"

Wakaruka mara mbili ya mwanzo. Hapo ndipo Tshiela alipoonja matunda ya wiki tatu za kumsemea Mungu: sasa anamhitaji kweli, watu wanamchezea ngoma. Akapanda juu ya meza.

"Haiko Mungu anasemaka!" akapiga kelele. "Iko Muteba! Banachimba chini yetu! Kuko shimo! Nilijua, nikanyamaza!"

Unabii watu wa Kolwezi wataujadili mpaka kesho, lakini shimo hakuna anayelibishia. Sebule ikabaki tupu, na Mama Bilonda alipitia dirishani. Tshiela hakuwafuata. Alikimbilia kwa Muteba, akalala kifudifudi ukingoni mwa shimo, akaita, "Mupande! Inaanguka! Mupande!" Wakapanda mmoja mmoja, wakikohoa, yeye akiwashika mikono. Wa saba alikuwa bado amepiga magoti ukingoni wakati sakafu ya sebule ilipozama, ikaondoka na kabati, vikombe na ile meza.

Pasta Mbayo alikuja akijipangusa koti, kanisa lote nyuma yake. Alikuwa na hasira, na hakuificha.

"Basi, Mama, hii wiki tatu yote Mungu hakukusemesha hata siku moja?"

Tshiela aliwatazama wale saba waliokaa chini wakitema vumbi. 

"Alinisemesha, Pasta. Ijumaa, mangaribi. Aliniambia, enda useme kweli. Mi njo nilijifanya kiziwi."