Mwenye Nyumba Anakaa Wapi

...na kwa nini swali dogo hivi limshinde, swali la kujibiwa kwa neno moja, Mzee Evariste, shefu wa avenyu, yaani mkuu wa mtaa, amekaa mbele yake na fomu juu ya goti, anaitikisa kalamu iliyogoma, na ameuliza mara moja tu, kwa upole, "Mama Inamahoro, weye uko nakaa hapa, ao uko mugeni?", maana ofisi ya kodi haitaki hadithi, inataka sahihi ya shefu kwamba mwenye nyumba anakaa ndani ya nyumba yake mwenyewe, hapo atapunguziwa kodi, na akionekana ni mtu wa ng'ambo aliyenunua akaenda zake, atalipa yote, na akilipa yote akiba yake haifiki mwakani, itabidi arudi Norwe kuosha wazee wa watu mpaka naye azeeke hukohuko kwenye theluji, na nani atamwosha yeye... sema ndiyo basi, Inamahoro, au ulimi umeuweka rehani? Lakini Mzee Evariste anakaa nyumba ya tatu kutoka hapa, ana macho, mtaani hapa Rugenge hakuna siri ya nani analala wapi, na macho yenyewe sasa yako kwenye kochi, kwenye nailoni ya dukani ambayo bado imelifunika na inalia kila Inamahoro anapojisogeza, miaka minne tangu nyumba inunuliwe halikukaliwa na mtu mpaka alipofika yeye, kwa sababu kaka yake Libérat aliilinda nyumba hii kwa uaminifu wa kupindukia, yeye na mkewe Claudette na watoto wakabanana kwenye vyumba viwili vya uani, nyumba kubwa ikatiwa kufuli, eti ni ya mwenyewe, atafungua mwenyewe siku akifika, na alipofika wakamfungulia, wakampigia vigelegele, halafu wakarudi uani kwao wakamwacha na vyumba vyake vinne na mwangwi... aliinunua kwenye simu, Libérat akizungusha kamera ukutani, dirishani, darini, mtandao ukakwama na picha ikaganda mlangoni, kuku mweupe ametia mguu mmoja ndani, mmoja uko nje, na yeye huko kazini kwenye chumba cha kubadilishia nguo, glavu bado mikononi, akasema naichukua, kaka, naichukua, akalia kwa furaha, tena mbele ya wenzake, kwa ajili ya kuku wa jirani. "Kalamu ya bule hii," Mzee Evariste ananung'unika, anaipuliza ncha, puliza baba, puliza polepole, usiharakishe... wiki saba sasa, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, mama yao alikuwa akisema hivyo kule kijijini Kiringye na hakuwa akitania, shangazi mmoja alizidisha siku akajikuta kwenye mihogo tangu asubuhi na mgongo ukamuuma mwezi mzima, wiki saba na jembe halijaletwa, kila siku Claudette anamletea mukeke mzima, samaki wa ziwani wa kukirimia wageni, kwenye sahani yenye maua, na maji ya kunawa, na goti anapiga, "Karibu, mugeni wetu," kisha wao wanakula bugali na ndagala, dagaa wa kila siku, jikoni, anawasikia wanavyocheka, siku moja alikwenda akashika mwiko na Claudette akamnyang'anya, "Aka! Weye wa Ulaya utaungua," akarudi kwenye nailoni yake na mukeke wake, akala huku machozi yanamtoka, mtu mzima na mvi zake, analilia ndagala... Haya, wao wana makosa, na wewe je, Inamahoro, sanduku lako liko wapi? Liko miguuni pa kitanda, limefungwa, nguo unatoa moja, ukishaifua unaikunja na kuirudisha, na kwenye mfuko wa pembeni iko tiketi, ya mwezi ujao, uliinunua ya kwenda na kurudi, ukajidanganya kwamba ndiyo rahisi, rahisi gani, uliogopa tu, uliogopa kwamba miaka kumi na tisa ya Norwe imeshakufuta, kwamba utafika na hakuna atakayekuhitaji... wao walifunga nyumba, wewe ukafunga sanduku, mmetoshana, na nani ampe jembe mtu ambaye bado amevaa viatu vya safari? Anataka kucheka, anatazama viatu vyake, kweli amevivaa, ndani ya nyumba, mchana kweupe. "Eeh, mama," kalamu imekubali, imechora mstari wa buluu pembeni mwa karatasi, "niandike nini?" na anafungua kinywa, safari hii anajua anataka kusema nini, si kwa ajili ya kodi, kodi ni kodi, anataka kweli, anataka kufia hapa, na kabla ya hapo anataka kuishi hapa kwanza, lakini neno halijatoka, huko nje bomba la jirani limekohoa, siku tatu lilikuwa kavu, milango inafunguliwa avenyu nzima, ndoo zinagongana, watoto wako shule, Libérat yuko kazini, na Claudette anapiga ukelele kutoka uani, "Inamahoro! Weye Inamahoro! Maji inafika! Uko nafanya nini mule ndani? Leta mabidoni, mbio, watatupita!"

Si mugeni wetu, si wa Ulaya, Inamahoro, na kwa hasira, anafokewa kama anavyofokewa mtu wa nyumbani, na amesema watatupita, sisi, na moyo wake unajaa mpaka anaona haya, ameshasimama, nailoni imeng'ang'ania mapaja, anaivuta, inachanika, ichanike, leo ataitoa yote, na sanduku atalifungua, na tiketi atatafuta wa kumrudishia au asitafute. "Shefu, munipe ruhusa kidogo, maji inafika," anasema, viatu amekwisha kuvivua, kimoja huku, kimoja kule. "Enda, mama, enda, mustari ya maji haingoje muntu," anasema Mzee Evariste, na kalamu bado iko juu ya nafasi ya jibu, nafasi bado nyeupe. Uani anakamata mabidoni mawili, madumu matupu ya maji, moja kila mkono, la tatu analitanguliza kwa teke.