Asidi Ndani ya Mgando

Siku ya tatu sasa Mama Mgando hakai wala halali. Barua ya maabara ya chakula ilisema maziwa yake ya mgando, yenye lebo "Hayana dawa ya kuhifadhi", yamekutwa na asidi ya benzoiki, ileile inayotiwa kwenye soda na jemu zisiharibike. Ajieleze, la sivyo leseni itafutwa. Barua ilipofika tu, alimgeukia wifi yake, waliyechemsha naye maziwa miaka sita.

"Ni wewe. Nani mwingine anashika ndoo zangu?"

"Mimi nitie dawa, wifi? Mimi ambaye hata chumvi naipima mara mbili!"

"Kikulacho ki nguoni mwako."

Wifi alivua aproni, akaitundika, akaondoka bila kuaga.

Leo Mama Mgando alikuwa kwenye benchi la maabara, mguu ukimtikisika kama yuko kwenye cherehani, mkononi ameshika maelezo yake yenye jina la wifi. Alianza kuomba, "Mungu, nihifadhie jina langu," akashindwa kumaliza. Jina la mwenzake alikuwa amelikunja kiganjani.

Mpimaji, mama wa makamo mwenye miwani, akamwita ndani.

"Maziwa mabichi uliyoleta juzi nimeyagawa. Nusu nimeyapima hivyo hivyo: asidi hamna. Nusu nimeyagandisha mwenyewe, nikayafungia kabatini. Asidi imo."

"Nani kaingia kabatini?"

Yule mama akacheka mpaka miwani ikateleza. "Bakteria, mama! Haohao wanaogandisha maziwa ndio wanaoitengeneza, kidogo tu. Hata kwenye mdalasini imo. Kiasi chako ni cha asili, leseni yako haina neno. Hayo ndiyo maelezo yako?"

"Ni upuuzi," akasema, akaichana karatasi vipande vipande.

Alitoka mbio mbio kwenda kwa wifi yake, hata kushukuru alishukuria njiani.

"Hodi!"

"Nani?"

"Mimi niliyekosea."

"Wakosaji wamejaa mji mzima. Yupi?"

"Wifi yako. Ni bakteria, si wewe. Nisamehe."

Wifi akasogea mlangoni. Kisha: "Na hao bakteria umeshawafukuza kazi?"

"Wifi, nimekuja kuomba msamaha, si kufanya mzaha."

"Aliyefukuzwa ni mimi. Niache nicheke kwanza."

Mlango ukafunguka nusu.

"Haya, omba. Lakini omba umesimama, kiti bado sijakupa."