Taya la Krasha

Saa ya chai Luqman alikuwa ameketi juu ya pipa la grisi lililofunikwa gunia, akitafuna mahamri ya mkewe, na wenzake wamejipanga kwenye kivuli cha karakana na vikombe mikononi. Krasha ilikuwa ikinguruma kama ilivyozoea, ikila mawe. Mara ukasikika mlio mmoja mkavu ambao kila fundi pale aliujua: chuma cha taya kimepasuka. Kathini, mkuu wa mafundi, akaweka kikombe chini ili aende kuizima. Hakufika mbali. Luqman alikuwa ameinama, amekinga kiganja, akatema damu na magego mawili yaliyopasuka katikati.

Kathini alikwenda hata hivyo. Akapanda ngazi, akachungulia ndani ya taya la krasha, ambamo mawe ya matumbawe yalikuwa yakivunjwa bila kusita. Chuma kilikuwa kizima, hakina hata ufa. Akashuka.

"Kumbe ni wewe," akamwambia Luqman.

"Ni mimi, dada," Luqman akajibu, na maneno yalimtoka yamelowa.

Akampeleka bombani asukutue kwa maji ya chumvi, kisha akarudi kumalizia chai yake kabla haijapoa.

Mpango ulikuwa wa Kathini mwenyewe. Alizaliwa kwenye skimu ya makazi ya Shimba Hills, binti wa mkulima wa Kikamba, akasomea ufundi Mombasa, na alipoajiriwa katika kile kiwanda cha chokaa na kokoto nyuma ya Waa aliwakuta mafundi wamewekwa chumba kimoja kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mashine ikilia, wanatoka wote mbio, wa umeme na wa grisi, watu watano wanagombania spana moja, na hakuna anayejua nani aliikaza nati ile mara ya mwisho. Mashine ilikuwa ya kila mtu, kwa hiyo haikuwa ya mtu.

Kathini akawagawa. Kila mashine akaipa fundi wake, wa kuisikiliza, kuipaka grisi na kuisemea. Majina akayaandika kwa rangi nyeupe ubavuni mwa mashine: LUQMAN kwenye krasha, FONDO kwenye mkanda unaobeba mawe, JAAFAR kwenye tanuri. Walifurahi. Luqman alimleta mkewe, Mbeyu, mpaka getini ili aone jina la mumewe kwa mbali.

Lakini mpango ule ulikuwa na nusu ya pili. Kila mashine ilitakiwa izimwe siku moja kwa juma, ifunguliwe, ikaguliwe, vilivyochakaa vibadilishwe. Meneja Kitonga, mtu wa Nairobi mwenye adabu na shati lililopigwa pasi, aliipokea nusu ya kwanza. Ya pili alisema wataiangalia. Hawakuiangalia. Mashine zikabaki na wenyewe lakini hazina mapumziko, na vile vilivyopaswa kuvunjika ndani yake vikaanza kutafuta mahali pengine pa kuvunjikia.

Baada ya meno ya Luqman ikawa zamu ya Fondo. Alikuwa mtu mpole wa Kinango, aliyependa kuzungumza habari za ng'ombe wake. Alikuwa kwenye foleni ya kunawa mikono kabla ya chakula cha mchana, shati likampasuka mgongoni, na baada ya shati ikafuata ngozi, kuanzia begani mpaka kiunoni, mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula. Nyuma yake mkanda uliendelea kupita na mawe yake.

"Nitazamie," Fondo alimwambia aliyesimama nyuma yake. "Pameachia wapi?"

"Kwenye kiungo. Palepale mkanda ulipounganishwa."

"Nilijua tu," Fondo akasema.

Alishonwa zahanati, akarudi kazini na bandeji chini ya ovaroli. Jaafar wa tanuri alibabuka uso akiwa amekaa kwa kinyozi. Luqman naye Kathini alimrudisha nyumbani apumzike, akidhani umbali utasaidia, lakini bega lilimchomoka huko huko Waa, akiwa anatia udhu, saa ileile krasha ilipomeza jiwe kubwa kuliko taya lake. Majirani walimrudisha kiwandani kwa bodaboda. Waliona afadhali awe karibu na mashine yake kuliko kuwatapikia damu watoto.

Kathini akaenda ofisini kwa meneja.

"Mafundi wangu wanavunjika," alimwambia.

Kitonga akamwekea kiti. "Nimeambiwa, na pole sana. Lakini cheki, Kathini. Tangu uweke hii structure yako hatujapata breakdown hata moja. Krasha haijasimama."

"Luqman amesimama."

"Hiyo ni breakdown ya mtu. Si ya mashine."

"Nipe siku ya kuzima. Siku moja tu kwa juma."

"Nizime kitu ambacho hakijaharibika? Nitawaambia wateja nini?" Akafikiri kidogo, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. "Nitawanunulia machela."

Machela ilikuja juma lilelile, mpya, ya rangi ya chungwa. Luqman ndiye aliyeizindua.

Mbeyu, mkewe, alikuwa mvunja kokoto. Kabla ya kiwanda kuja, yeye na wanawake wengine walikaa kando ya barabara kuu na nyundo zao, wakivunja mawe na kuyapanga marundo kwa ajili ya wajenzi. Krasha ilipowashwa, kazi ile ilikwisha, lakini nyundo aliihifadhi uvunguni mwa kitanda, na mikono yake haikusahau. Ijumaa moja mchana, wengi wakiwa msikitini na wengine wamekwenda kula, aliingia getini. Mlinzi alimwachia apite kwa sababu alimzoea na sufuria zake za chakula.

"Shikamoo, dada," alimsalimu Kathini.

"Marahaba, Mbeyu. Umemletea chakula mwenzio?"

"La. Nimekuja kuivunja inayomla mume wangu."

Aliyasema kwa sauti ya mtu aliyekuja kuchota maji, ndiyo maana Kathini alichelewa kuelewa. Mbeyu alikwisha mpita, ameifungua leso aliyofungia nyundo, ameitupa begani. Akapanua miguu kama walivyofanya barabarani zamani, akainua, akashusha.

Pigo la kwanza lilitua ubavuni mwa krasha, na chuma kikalia kama kengele. Nyuma, ndani ya karakana, kilisikika kitu kama kijiti kikavu cha kuwashia moto kinachovunjwa. Pigo la pili likatua palepale, na vijiti vikavunjika kadhaa. Kwenye mashine hapakuwa na hata mkwaruzo. Mbeyu akaona hajapiga sawasawa, akarudi nyuma hatua moja ili apate nguvu.

Hapo Kathini akajua anasikia nini. Akakimbia, akamrukia. Nyundo ilikuwa hewani, ikamshukia mkono wa kulia chini ya kiwiko, na mfupa ukatokeza nje ya ngozi. Mkono ule ulivunjika kwa sababu ya nyundo tu, kama mikono ya watu inavyovunjika, na krasha haikuhusika. Kwa mkono uliobaki akamkaba Mbeyu shingo, wakaanguka wote katika vumbi la chokaa. Mbeyu akamng'ata bega mpaka meno yakakutana. Kathini akampiga kwa kipaji cha uso, puani, mara moja, akampiga tena. Damu zao zilichanganyika na chokaa zikawa uji wa pinki. Mbeyu alikuwa bado ameshika mpini.

"Geuka," Kathini akamwambia sikioni. "Geuka umtazame mumeo."

Luqman alikuwa amejiburuta kutoka kwenye machela mpaka mlangoni mwa karakana. Upande mmoja wa kifua chake ulikuwa umebonyea, na juu ya ngozi zilionekana alama za pembe nne, ukubwa wa uso wa nyundo, zimeanza kuvilia. Aliinua mkono kidogo, kama anayemwomba jirani apunguze redio.

"Basi, Mbeyu," alisema. "Ni mimi huyo unayenipiga."

Mbeyu akaachia mpini. Akaenda kwa magoti mpaka alipokuwa mumewe, akakaa chini, akampakata kichwa, na kwa ncha ya leso akamfuta kinywa. Hakulia. Aliifuta damu ya Luqman, ikatoka nyingine, akaifuta nayo.

Kathini akasimama. Akaenda kwenye kitufe chekundu, akakibonyeza kwa mkono wa kushoto, na krasha ikanyamaza kwa mara ya kwanza tangu mpango uanze. Kunguru wakasikika. Luqman akavuta pumzi, ikafika mpaka chini. Kathini akachukua kitambaa na kopo la tapentaini, akalisugua jina LUQMAN mpaka herufi zote zikatoka. Kisha akaiwasha tena mashine, kwa kuwa fundi hawezi kujua kama kitu kimetengenezeka bila kukiwasha.

Jiwe la kwanza likaingia, na taya likapasuka, chuma kikapasuka kama chuma. Halafu yakaja yote yaliyokuwa yakicheleweshwa: beringi zikasagika, shafti ikapinda, nati zikachomoka na kutoboa mabati ya paa. Kipande cha taya kiliruka kikavunja vioo vya gari la meneja. Luqman alikuwa amelala mapajani mwa mkewe akitazama juu, na hakuna kilichomfikia.

Bila krasha, mkanda haukuwa na cha kubeba na tanuri halikuwa na cha kuchoma, kwa hiyo kiwanda kizima kikasimama. Ilipita wiki ambayo Kathini angetamani iwe mwaka. Mkono ukiwa kwenye plasta, aliwapanga mafundi makundi makundi: hawa wafungue, hawa waoshe, hawa wabadilishe, hawa wakague kazi ya wenzao. Walifungua kila kitu. Walitoa ndani ya mkanda vipande vya ngozi iliyokauka, wakavizika nyuma ya choo. Mgongo wa Fondo ukaunga, akaanza tena habari za ng'ombe.

Walipomaliza, Kitonga alikuja na mkebe wa rangi nyeupe na brashi mpya.

"Mmefanya kazi safi," alisema. "Sasa turudi kwa structure."

"Nipe siku ya kuzima."

"Siku haiko, Kathini."

"Basi mimi siandiki jina la mtu."

"Si lazima uandike wewe." Akaelekeza brashi getini.

Nje ya geti walikuwa wamesimama wanaume, kutoka Matuga, kutoka Kinango, wengine kutoka Msambweni, wametulia na bahasha zao za vyeti. Habari zilikuwa zimewafikia kwamba krasha haina mtu. Wachache walikuwa wamefungua vinywa kumwonyesha mlinzi meno yao, na mlinzi aliyatazama kwa makini na kuwaambia wasubiri.

Katikati yao akapita Luqman, ameegemea bega la Mbeyu, kifua kimefungwa bandeji mpaka kwapani.

"Dada Kathini, habari za tangu juzi. Nimekuja kuomba jina langu."

"Mbavu zako bado hazijaunga, Luqman."

"Zitaunga inshallah. Lakini mwingine akiishika krasha, mimi nitaingia hapa kama nani?"

Kathini akamgeukia Mbeyu, aliyekuwa na pua iliyovimba na macho yenye weusi pembeni. Alitegemea kwamba angalau yeye atakataa.

"Nilikwenda barabarani kutazama kama naweza kukaa tena na nyundo yangu," Mbeyu alisema. "Malori ya kokoto yanapita palepale, yamejaa. Hakuna wa kuninunulia rundo. Mwandike, dada. Uandike vizuri."

Kathini akachukua brashi kwa mkono wa kushoto. Akaandika LUQMAN, herufi zikapinda. Akachovya tena, na chini yake akaandika KATHINI.

"Mtu mmoja hatoshi mashine moja," alisema. "Mmoja akivunjika, mwingine awe anapona."

Mbeyu alimshika mkono wake wenye plasta, akaushika kwa muda. Kitonga alikuwa ameinamisha kichwa upande akiyasoma yale majina mawili, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Hii ni bomba," alisema. "Hata mimi singeifikiria. Tufanye hivi kwa zote."

Kufikia adhuhuri kila mashine ilikuwa na majina mawili, na wanaume wengi waliokuwa nje ya geti walikuwa ndani, wamevaa ovaroli mpya zenye mikunjo ya dukani. Kitonga mwenyewe alibonyeza kitufe. Luqman na Kathini walikaa bega kwa bega kwenye ngazi za karakana, ndimi zikipitapita juu ya meno. Jiwe likaingia tayani. Ukasikika mlio mmoja mkavu, nao wakatazamana wajue ni nani.