Kinyonga Aliyesinzia Mchana

Jumatano, tarehe tisa Oktoba, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, manyunyu yakiwa yameifunika barabara kama shashi, mwoka mikate aliufungua mlango wa nyumba yake polepole na kumkuta mkewe amesimama mbele ya kizimba cha wavu, kidole mdomoni.

"Taratibu," mkewe alinong'ona. "Amelala."

Kinyonga wao alikuwa ameng'ang'ania tawi, mkia umejikunja kama springi ya saa, kijani chake kimefifia. Macho yote mawili yalikuwa yamefumba.

"Bado tu?"

"Tangu juzi. Amekuwa kama wewe, bwana. Kaandikwa zamu ya usiku."

Mwoka mikate alitabasamu. Katika nyumba hiyo usingizi wa mchana ulikuwa jambo la kuheshimiwa. Kwa kuwa yeye alilala wakati majirani wakifua na kupiga soga, mkewe alikuwa amejifunza kuweka sufuria chini bila kuliliza, kufunga kabati bila kulibamiza, na kuwafukuza wachuuzi kwa ishara ya mkono. Kwa hiyo kinyonga alipoanza kufumba macho jua likiwa la utosini, hakuna aliyeshtuka. Walimteremshia pazia. Walimzimia redio. Walimhurumia kwa uchovu ambao hakuwa nao.

Mwoka mikate alimtoa na kumweka begani, kama kila asubuhi. Hiyo ndiyo ilikuwa saa yao. Mkewe alishona sare katika kiwanda cha upande wa pili wa mji, na basi halikumngoja mtu. Kati ya kurudi kwa huyu na kuondoka kwa yule palikuwa na muda wa kikombe cha chai tu, na kinyonga akitembea kutoka bega la mume hadi kiganja cha mke, akipapasa hewa kwa kila unyayo kama anayevuka ndoto na kuogopa kuiamsha. Muda mwingine wote walipokezana kitanda: yeye alilikuta joto la mkewe godoroni, naye mkewe akaikuta harufu ya hamira kwenye mto.

Asubuhi hiyo kinyonga hakutembea. Aliinamisha kichwa akajisugua shavu kwenye ukosi wa shati, na pale aliposugua pakabaki alama ya majimaji katikati ya weupe wa unga. Mkewe alisogeza taa. Kope zilikuwa zimevimba kama punje za maharage yaliyolowekwa.

"Huyu halali," alisema mkewe. "Huyu anaumwa."

Mkewe aliondoka akigeuka nyuma mara kwa mara. Mwoka mikate hakulala. Alikifunika kizimba kwa shuka na kukipeleka kwa daktari wa wanyama, mwanamke kijana mwenye sauti isiyopanda.

"Kinyonga hasinzii mchana, baba. Akifumba macho mchana, anakwambia jambo."

Alidondosha maji safi ya chumvi. Jicho lilijizungusha chini ya kope, na kutoka pembeni ukachuruzika uzi mweupe, mzito. Daktari aliufikicha kwa glavu, kisha akalitazama shati la aliyemleta mgonjwa.

"Taa yake ni nzuri, chakula chake kizuri. Huu ni unga. Unamkwaruza, naye anazidi kujisugua. La kushoto limechubuka."

"Litapona?"

"Unga usipoingia tena. Ukiingia, litapotea, na lingine litafuata. Kinyonga asiyeona halengi chakula. Atakufa njaa panzi wakimrukia puani. Mtie dawa asubuhi na jioni, mnyunyizie maji ya vuguvugu ajioshe mwenyewe. Na wewe, oga kabla ya kumkaribia."

Oga! Kwa daktari lilikuwa neno dogo. Unga wa mwoka mikate hukaa masikioni, katika nyusi, katika mikunjo ya shingo. Kuutoa kunataka muda. Akiogea nyumbani, alitoka bafuni akakuta chai imefunikwa kisahani na mlango umeshafungwa. Ndivyo ilivyokuwa asubuhi ile iliyofuata, na nyingine baada yake. Alitia dawa peke yake. Nyumba ilikuwa kama ndoto ambayo mwenzake ameamka na kumwacha ndani.

Na kuogea bekari maana yake ni kuondoka kabla mikate ya tanuri la mwisho haijaiva. Hilo hakuwahi kulifanya. Mkate alioutia motoni yeye, aliutoa yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine.

"Umetia chumvi mara mbili," alisema Kijiko, mwenzake wa zamu, aliyeitwa hivyo kwa sababu hakuna kilichompita bila kuonjwa. "Shemeji kakufukuza?"

"Hajanifukuza. Simwoni."

Akamsimulia. Kijiko alicheka. "Yaani mlimzimia redio mgonjwa?" Kisha akaacha kucheka. "Tanuri la mwisho niachie mimi. Kila siku."

"Hapana."

"Mama yangu alipokuwa anakata roho, nani alishika kazi yangu na yake usiku kucha? Nilimwahi bado ananitambua. Sijakulipa."

"Sikufanya ili unilipe."

"Najua. Ndiyo maana deni limenielemea. Lete koleo."

Mwoka mikate aliliangalia koleo refu la mbao la kutolea mikate, mpini wake umelainishwa na viganja vyake mwenyewe.

"Ya pembeni huwahi kuungua," alisema.

"Mkubwa, nenda ukaoge."

Alimkabidhi. Nyuma ya bekari, kwenye bomba, ukungu ulikuwa umeshuka hadi magotini. Maji yalimtoka meupe, kisha ya kijivu, kisha safi. Akavaa shati lililopigwa pasi.

Mkewe alikuwa bado mezani. Alimtazama toka utosini hadi viatuni.

"Karibu, mgeni. Tanuri umemwachia nani?"

"Kijiko. Alikuwa na deni kwangu. Leo ameanza kulilipa, nami nimelipokea."

Mkewe alimtoa kinyonga kizimbani akamweka begani kwa mumewe. Alichukua chupa ya maji ya vuguvugu, akanyunyiza, na ukungu mdogo ukamshukia kinyonga begani. Walingoja. Jicho la kulia lilifumbuka, likamtazama mke. La kushoto lilijigeuza ndani ya kope kama mtu anayejigeuza kitandani. Kisha pakatokea upenyo, mwembamba kama tundu la sindano, na ndani yake kitu cheusi kinachong'aa kikaanza kumtafuta mume.