Jicho la Nne

Mwenye jengo alipita Jumatatu asubuhi na wala hakuketi. Alisimama katikati ya ukumbi, akasema lake mara moja, akamaliza. Kuanzia Ijumaa, kila meza ya ndani iwe na alama ya kulipia kwa simu, ile picha ya mraba yenye visanduku vyeusi na vyeupe. Saa nne kamili atapita mwenyewe na simu yake, alipe kidogo kila meza. Meza ambayo pesa haitaingia, mwenyewe ahamie ujia wa nyuma, karibu na vyoo.

"Na karatasi za kugundisha sitaki," akasema. "Ukuta wangu si wa kampeni. Wekeni kitu kinachodumu."

Hakusema kwa ubaya. Wateja walikuwa wanaingia na simu tu mkononi, wakiambiwa watoe noti wanageuka njia. Mpwa wangu aliyevuka maji kwenda kutafuta maisha anasema huko hata muuza soksi wa njiani amevaa picha hiyo shingoni, na mpwa mwenyewe ana noti moja mfukoni tangu mwaka jana, imeanza kukatika kwenye mkunjo kwa kukosa wa kumpa. Dunia nzima imeelekea huko, sikuwa na ubishi.

Wasiwasi wangu ulikuwa dirisha. Mimi ni fundi wa kurekebisha nguo. Napiga pindo, nabadilisha zipu, natia viraka visivyoonekana. Meza yangu iko chini ya dirisha la vioo sita, na nina miaka sitini na nane. Kwa mwanga ule natunga uzi mweusi kwenye sindano mara ya kwanza, ikizidi sana mara ya pili. Ujia wa nyuma una balbu moja ya manjano. Kule ningeweza kupokea nguo, lakini kuzishona nisingeweza.

Kibao cha alama nilikuwa nacho, cha plastiki ngumu, nilicholetewa na watu wa kampuni ya malipo. Siku ya pili tu niliegemeza pasi ya moto pembeni yake nikienda kumpimia mama mmoja kiuno. Niliporudi, kibao kimekunja uso kama mtu aliyelamba ndimu. Kampuni wakasema kingine ni wiki mbili.

Mjukuu wangu wa kike, anayefanya kazi mapokezi ya zahanati, ndiye aliyenifungulia pochi ya simu, pale pesa za wateja zinapoingia. Mimi humwita mke mwenzangu, kwa kuwa marehemu babu yake alimpenda kuliko mimi. Jumatatu hiyo jioni akapita duka la kuchapisha, akaniletea alama yangu kwenye karatasi.

"Hii ni ya kuangalizia tu, Bibi. Mwenye jengo ataikataa."

"Niachie," nikamwambia. "Kitambaa ninacho, uzi ninao."

Nilichukua kipande cha pamba nyeupe, nikakivuta kwenye fremu ya kudarizi, nikakipiga mistari kwa chaki ya bluu. Nilihesabu visanduku mara tatu: ishirini na tisa kwenda, ishirini na tisa kushuka. Nikachagua uzi wa kudarizi mweusi, ule laini wenye kung'aa, kwa sababu uzi wa kawaida hupauka ukifuliwa. Kila kisanduku cheusi nilikijaza kwa mishono minane iliyolala pamoja. Nilichomaliza kukidarizi nilikikata kwa penseli kwenye karatasi, nisije nikakirudia.

Jumanne mchana niligundua kasoro. Pembe ya juu kushoto kuna sanduku kubwa lenye sanduku lingine ndani, kama jicho. Juu kulia, hivyo hivyo. Chini kushoto, hivyo hivyo. Chini kulia hakuna. Pana kijicho kidogo tu, tena kimesogea ndani, na pembeni yake vidoti vimetawanyika ovyo.

Nimeshona miaka arobaini na tatu. Sijawahi kutoa shati lenye mfuko wenye pembe tatu zilizokazwa na ya nne imeachwa. Nikasema moyoni, kijana wa duka la kuchapisha aliishiwa wino akaona haya kusema. Nikapima jicho la kushoto kwa uzi, nikalihamishia kulia. Lilikaa sawasawa, hata unywele usingepita.

Jumatano alasiri nikakitundika kwenye msumari wa ubavuni mwa dirisha. Ukumbi mzima ulikuja kutazama. Fundi viatu alikigeuza nyuma aone mafundo, hakuyaona. Jirani yangu muuza vishikizo, ambaye tunamwita Kishikizo, alishika kiuno.

"Bibi, hiki si cha kulipia. Hiki ni cha kumwekea bwana harusi kitandani."

"Toa simu, acha maneno."

Akatoa simu, akaielekeza. Tukasubiri. Akasogea mbele, akarudi nyuma, akachuchumaa.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Haisemi. Inazungukazunguka tu, kama mimi ninapotafuta kitu nilichotumwa na mke wangu."

Akaja dada mmoja kuchukua sketi yake, naye akajaribu. Hola. Alikuwa na haraka, akaahidi atapita kesho kulipa, akaondoka na sketi. Nikakaa kwenye kigoda changu, nikatazama dirisha, kioo kimoja baada ya kingine. Kishikizo naye akaacha utani, jambo ambalo lilinitisha zaidi.

Mke mwenzangu alikuja akitoka kazini, na sare yake bado mwilini. Akafungua alama yangu kwenye simu yake, akaishika kando ya kitambaa, macho yakawa yanakwenda huku na huku. Mara akaziba mdomo.

"Bibi! Hili jicho la nne umelitoa wapi?"

"Lilikuwa limesahauliwa."

"Nani kakwambia limesahauliwa?"

"Mtu mzima haambiwi. Pembe nne, macho matatu, hiyo ni kazi ya nani?"

Alicheka mpaka akakalia rundo la suruali za watu. Alipopata pumzi akanieleza. Macho yanawekwa matatu makusudi. Ndiyo yanayoiambia simu kichwa kiko wapi na miguu iko wapi, hata mtu akiishika upande.

"Shati ukiliokota chini, unajuaje mbele na nyuma?" akaniuliza.

"Natazama kola."

"Sasa wewe umeweka kola pande zote. Simu haijui ivae vipi."

Hapo nikaelewa. Na vile vidoti nilivyoviona vimetawanyika ovyo, kumbe vilikuwa na maana, nami nilivifunika.

Kufumua niliogopa. Uzi mweusi ukifumuliwa kwenye pamba nyeupe huacha manyoya ya kijivu na matundu, na simu, alivyosema mjukuu wangu, haipendi uchafu. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya kwa suruali iliyoungua. Alhamisi, kulipopambazuka vizuri, nilikata pembe yote ya chini kulia, nikapima kiraka kipya kwa kufuata nyuzi za kitambaa, nikakiunganisha kwa mshono wa kuficha. Halafu nikadarizi upya, kisanduku kwa kisanduku, kama karatasi inavyosema na si kama nipendavyo. Kile kijicho kidogo nikakiweka mahali pake. Vidoti nikavitawanya. Mkono ulikuwa unataka kuvinyoosha, nikaukatalia. Wateja wanne niliwaambia waje Jumamosi.

Nilimaliza Ijumaa saa tatu na nusu, na nikakirudisha kwenye msumari. Sikuwahi kukijaribu, kwa sababu mwenye jengo alikuwa ameshaingia, kabla ya saa aliyoisema.

Alianza mlangoni. Kwa fundi viatu, ting! Kwa muuza mifuko, ting! Kwa Kishikizo, ting! Nami simu yangu ndogo ya vibonye niliiweka juu ya meza.

Akasimama mbele ya kitambaa.

"Hii umeshona?"

"Nimedarizi."

Akaelekeza simu. Kimya. Akaisogeza. Kimya.

"Mama, mimi nilisema wazi."

"Ulisema kitu kinachodumu," nikajibu. "Hicho kinafuliwa."

"Kinafuliwa, lakini hakilipiki."

Akajaribu mara ya tatu. Nilimtazama usoni, halafu nikatazama kioo cha simu yake, na hapo ndipo nilipoona. Ndani ya simu, weusi wangu haukuwa mweusi. Ulikuwa unameremeta, mistari myeupe imekatiza juu ya kila kisanduku. Jua la dirishani lilikuwa linagonga ule uzi wangu wa kung'aa.

"Kishikizo, njoo usimame hapa. Dirishani."

"Mimi?"

"Wewe, baba. Mungu hakukupa mwili huo bure."

Akaja akajaza dirisha. Kivuli kikaanguka juu ya kitambaa. Mwenye jengo hakuwa hata amenyoosha mkono vizuri, simu yake ikalia ting, na yangu ikatetemeka juu ya meza mpaka ikasogea kwenye mkasi. Ujumbe ukasoma jina lake na kiasi chake.

"Imeingia," nikasema.

"Imeingia," akakubali. "Lakini huyu atasimama hapo kila siku?"

"Kwa mshahara gani?" Kishikizo akauliza akiwa bado amezuia jua.

Nikakitoa kitambaa msumarini. Nikavuka hatua mbili hadi ubavuni mwa meza ya Kishikizo, pale ambapo nguzo inatupa kivuli kutwa nzima, nikakishikilia hapo kwa mikono miwili. "Jaribu hapa."

Akajaribu, ting.

"Meza ni yako, alama iko kwa jirani," akasema mwenye jengo.

"Hukusema ikae wapi."

Akaandika kitu kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake.

"Haya, baki. Zile pesa mbili za majaribio utanirudishia."

"Nirudishe nini? Mteja akishalipa huleta nguo. Hiyo suruali yako inafagia ukumbi tangu Jumatatu. Ilete kesho nikupunguzie pindo."

Akainama akatazama miguu yake. Kishikizo akatafuta kitu cha kufanya kwenye kopo la zipu.

Jumamosi aliituma suruali, imefungwa kwenye gazeti. Wale wateja wanne nao walirudi. Nilimaliza pindo kabla ya saa sita, nikiwa kwenye kigoda changu, vioo sita juu ya kichwa. Mteja akitaka kulipa namwelekeza kwa kidole, anakwenda hatua mbili, analipa, anarudi kuchukua nguo yake. Kishikizo amenidai kodi ya msumari niliopigilia ubavuni mwa meza yake. Nimemwambia ahesabu kwanza wangapi wanarudi kwangu na vishikizo walivyonunua kwake mkononi.